UZI: Kuua kwa hamaki na kuua kwa hesabu. Binadamu alirithi nini?

#1 Nyayo za Mweka (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likitokea tukio la mauaji hapa Moshi au Arusha, maneno ya vijiweni ni yaleyale: "Huyu si mtu, ni mnyama." Kauli hiyo inakosea mara mbili. Kwanza inawasingizia wanyama, maana wengi wao hawauani kabisa na wenzao. Pili inatufanya tumwone muuaji kama kiumbe wa ajabu, wakati vifaa alivyotumia, yaani ubongo, homoni na uwezo wa kupanga, kila mmoja wetu anavyo.

Nianze na hesabu. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na José María Gómez wa Hispania walikusanya rekodi za vifo vya spishi 1,024 za mamalia. Swali lao lilikuwa moja: katika kila vifo 100, vingapi vimesababishwa na mwenzake wa spishi ileile? Wastani wa mamalia ulitoka 0.3%. Popo na nyangumi wako karibu na sifuri. Katika ukoo mzima wa nyani na sokwe inapanda hadi kama 2.3%, na kwa kupiga mahesabu kwenye mti wa ukoo, binadamu wa mwanzo kabisa alikadiriwa kuwa kwenye 2%. Anayeongoza orodha ni meerkat, yule jamaa mdogo wa nguchiro wa kusini mwa Afrika, kwenye 19%. Kamnyama kanakopigwa picha kwa urembo wake!

Kwa hiyo tumezaliwa kwenye tawi la mti lenye umwagaji damu kuliko matawi mengi, lakini ndani ya tawi letu hatukuwa wa ajabu.

Hoja yangu ni kwamba neno "kuua" linafunika mambo mawili yenye mizizi tofauti. Kuna kuua kwa hamaki: ugomvi wa baa, fumanizi, ndugu kugombania mpaka wa kihamba. Na kuna kuua kwa hesabu: watu wanapanga, wanasubiri aliyelengwa awe peke yake, wanamzidi idadi, wanamaliza, wanarudi nyumbani wakiwa salama. Ukilinganisha na sokwe, hamaki yetu imepungua sana. Hesabu ndiyo imenolewa. Wadau karibuni.

#2 Kijenge Juu

Mkuu, umeanza vizuri. Ila hapo kwenye wanyama, simba dume anaua watoto wa simba mwenzake kila siku kule Serengeti. Hiyo ni hamaki au ni hesabu?

#3 Twiga Mrefu (Arusha)

Nijibu la simba. Si hamaki, na si hesabu ya kichwani pia. Ni hesabu iliyofanywa na uteuzi wa asili, mnyama mwenyewe hana habari nayo.

Inakwenda hivi. Madume wawili watatu wanashirikiana kuwafukuza madume wa kundi fulani. Wakishinda, wana miaka kama miwili au mitatu tu kabla na wao hawajafukuzwa. Jike mwenye watoto wadogo hashiki mimba nyingine mpaka watoto wakue, na hiyo ni mwaka mmoja na nusu au zaidi. Watoto wakifa, anarudi kwenye joto ndani ya siku au wiki chache, na mimba yake ni miezi mitatu na nusu tu. Dume anayesubiri kwa upole anaondolewa kabla hajazaa. Dume anayeua watoto wa mtangulizi wake anaacha uzao, na uzao huo unabeba tabia hiyohiyo. Kazi ya Craig Packer na Anne Pusey Serengeti ilionyesha kwamba robo hivi ya vifo vya watoto wa simba inatokana na jambo hili. Kabla yao Sarah Hrdy alikuwa ameshaliona kwa nyani aina ya langur huko Abu, India, miaka ya 1970, na wakati ule wengi walimwambia kwamba nyani wake walikuwa wagonjwa.

Watu wanapokosea ni pale wanapoichukua picha hii na kuipachika moja kwa moja kwa baba wa kambo. Ni kweli kwamba Martin Daly na Margo Wilson, wakitumia rekodi za Kanada, walikuta mtoto mdogo anayeishi na mzazi wa kambo yuko hatarini zaidi kuuawa kuliko anayeishi na wazazi wake wote wawili. Lakini walisema wazi kwamba huo si mkakati wa simba. Mwanamume anayeua mtoto wa mkewe hapati uzao zaidi, anapata jela. Maelezo yao ni kwamba upendo wa mzazi, ule unaomfanya avumilie kilio saa nane za usiku, hauwaki kirahisi kwa asiye damu yake. Na wazazi wa kambo walio wengi kabisa hawagusi mtoto.

#4 Nyayo za Mweka (Moshi)

Shukrani Twiga. Sasa twende Gombe, kwa sababu pale ndipo dunia ilipolazimika kubadili mawazo, na ni kwetu Tanzania.

Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Kwa miaka zaidi ya kumi sokwe walionekana wapole. Kisha jamii moja ikagawanyika: Kasakela kaskazini, Kahama kusini. Tarehe 7 Januari 1974 kundi la Kasakela lilivuka mpaka kimyakimya likamkuta Godi, dume wa Kahama, anakula peke yake. Mmoja alimkandamiza chini, wengine wakampiga na kumng'ata kwa dakika kama kumi. Hakuonekana tena. Kufikia 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wamekwisha. Na waliowaua waliwahi kuishi nao kundi moja, wakichambuana manyoya.

Angalieni namna ya shambulio, kwa sababu ndiyo ufunguo. Doria inatembea kwa mstari, haipigi kelele, inasimama kusikiliza, inanusa viota. Ikikutana na kundi la idadi sawa, ni makelele tu na kila upande unarudi kwake. Ikimkuta mmoja, wanamshika mikono na miguu ili asiweze kumjeruhi yeyote. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake wengi walikusanya rekodi za jamii 18 za sokwe kutoka vituo mbalimbali vya Afrika. Walipata mauaji 152, mengine yameshuhudiwa, mengine yamejulikana kwa mwili uliopatikana, mengine yanashukiwa. Washambuliaji 92% ni madume. Katika mashambulizi kati ya jamii na jamii, wastani wa kati ulikuwa washambuliaji wanane kwa mmoja.

Nane kwa mmoja. Mwanaanthropolojia Richard Wrangham aliliita hilo suala la kukosekana kwa uwiano wa nguvu: mnyama anaua pale gharama kwake inapokaribia sifuri. Faida inakuja baadaye. Kule Ngogo, Uganda, John Mitani na wenzake waliona jamii moja ikiua 21 ndani ya miaka kumi, kisha ikahamia kwenye eneo la waliouawa na kuongeza ardhi yake kwa 22%. Ardhi ni matunda. Matunda ni majike wanaozaa haraka.

#5 Mchambuzi Sakina

Mkuu naomba nikupinge kidogo. Gombe walikuwa wanawapa sokwe ndizi. Ukimwaga ndizi sehemu moja, hata watu wa kawaida watapigana. Isije ikawa tunajenga nadharia juu ya kosa la watafiti.

#6 Twiga Mrefu (Arusha)

Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo iliyofanya ule uchunguzi wa 2014 uwe na thamani. Waliweka maelezo mawili kwenye mizani: usumbufu wa binadamu upande mmoja (kulishwa, msitu kukatwa, ukubwa wa eneo lililohifadhiwa), na upande wa pili mambo ya sokwe wenyewe, yaani idadi ya madume na msongamano. Vipimo vya usumbufu havikutabiri mauaji. Idadi ya madume na msongamano vilitabiri. Ngogo hawakulishwa ndizi, na wao ndio miongoni mwa walioua zaidi.

Lakini nami nimwongezee Nyayo jambo alilolipita. Tuna jamaa wawili wa karibu sawasawa, si mmoja. Wa pili ni bonobo, ng'ambo ya kusini ya mto Kongo. Katika jamii nne za bonobo zilizowekwa kwenye hesabu hiyohiyo, kulikuwa na tukio moja tu, nalo ni la kushukiwa. Majike wao wanaungana, dume akileta ubabe anakutana na majike watano. Msidhani ni malaika, hata hivyo: mwaka 2024 ilichapishwa kazi ya Maud Mouginot iliyoonyesha kwamba madume wa bonobo wanakorofishana na kupigana mara nyingi kuliko madume wa sokwe. Wanapigana mmoja kwa mmoja, na hawauani. Hamaki ipo tele, muungano wa madume wa kuua haupo. Hii inakubaliana kabisa na hoja ya #1 kwamba haya ni mambo mawili.

#7 Dokta Soweto (Moshi)

Habari wakuu. Nichangie upande wa ubongo, maana hapo mgawanyo wa hamaki na hesabu unashikika kwa mikono.

Kwa paka ilijulikana zamani. Haipothalamasi ni kipande kidogo chini ya ubongo, kwa binadamu kina ukubwa wa lozi. Ukipitisha umeme mdogo sehemu yake ya kati, paka anatunisha manyoya, anafyonya, moyo unaenda mbio, anarusha makucha. Hiyo ni hamaki. Ukisogeza waya milimita chache kwenda pembeni, paka yuleyule anatulia, ananyata, anang'ata panya shingoni bila sauti wala dalili ya hasira. Njia mbili tofauti ndani ya kichwa kimoja. Mwaka 2011 maabara ya David Anderson kule California iliwasha kwa mwanga seli chache za haipothalamasi ya panya dume, na panya akashambulia hata glavu iliyojazwa hewa. Mwanga ukizimwa anaacha.

Hamaki ya binadamu inapita humohumo: amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, inapiga kengele, haipothalamasi inaupa mwili amri, na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inashika breki. Breki hiyo hukomaa mwishoni kabisa, kwenye miaka ya ishirini na kitu. Pombe ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuilegeza. Hapo una kijana wa miaka 19, ameshakunywa, ametukanwa mbele ya wenzake. Mwaka 1997 Adrian Raine alipima matumizi ya sukari katika ubongo wa washtakiwa 41 wa mauaji na watu 41 wa kulinganisha nao. Kwa washtakiwa sehemu ya mbele ilikuwa imezubaa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba hali hiyo iko kwa wale wa hamaki. Walioua kwa kupanga, breki zao zilikuwa karibu na za kawaida. Na ni lazima ziwe hivyo, kwa sababu kupanga kunahitaji breki.

Kuhusu testosteroni, ile homoni ya kiume, kosa la kawaida ni kuifanya petroli ya mauaji. Kipimo cha asubuhi hakikuambii nani ataua. Homoni hiyo hupanda pale panapotokea ushindani na hushuka mwanamume anapolea. Mfano uko hapahapa ziwa Eyasi: mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walikuta akina baba wa Kihadza, ambao hubeba na kulea watoto, wana testosteroni ya chini kuliko Wahadza wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, ambako mtoto mdogo ni kazi ya mama, kuwa baba hakukuleta tofauti. Mwili unafuata maisha unayoishi.

Na jeni? Ile inayopachikwa jina la "jeni ya wapiganaji" ni MAOA, iko kwenye kromosomu ya X. Mwaka 1993 Han Brunner alieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambao jeni hiyo haifanyi kazi kabisa kwa baadhi ya wanaume, na walikuwa na milipuko ya hasira. Hali hiyo ni nadra mno. Aina ya kawaida yenye kasi ndogo wanayo mamilioni ya wanaume wasiogusa mtu. Katika utafiti wa 2002 kule New Zealand ilionekana kuwa na uzito kwa wale tu walioteswa utotoni. Pamoja na hayo, mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja kwa sababu ya jeni hii. Kwa maoni yangu mahakama ile ilikosea.

#8 Binti wa Boma (Arusha)

Kaka zangu mmeongea wanyama na ubongo. Mifupa je? Ukifika Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Wajerumani, swali la wageni ni: hawa watu wa kale waliuana?

Historia ya swali hilo ina onyo. Raymond Dart, aliyetangaza fuvu la mtoto wa Taung, mmoja wa jamaa wa kale wa binadamu, aliona mifupa iliyovunjika mapangoni Afrika Kusini akahitimisha kwamba mababu zetu walikuwa wauaji tangu mwanzo. Baadaye C. K. Brain alionyesha kwamba mashimo mawili kwenye fuvu moja la pango la Swartkrans yanalingana na meno ya chui. Na mtoto wa Taung mwenyewe ana alama za makucha ya tai kwenye matundu ya macho. Tulikuwa tunaliwa, tukasingiziwa kuua.

Kwa hiyo kabla ya kusema "aliuawa" kuna ngazi za kupanda. Mfupa mbichi ukivunjika, kingo zinakuwa laini na kali, na kwenye fuvu tundu linapanuka kwa ndani. Mfupa mkavu unavunjika kwa kingo za kukwaruza, kama kigae. Kisha rangi: kingo zenye rangi nyeupe kuliko uso wa mfupa maana yake zimevunjwa juzi, pengine na jembe la mchimbaji mwenyewe. Kisha uponyaji: mtu akiishi wiki kadhaa baada ya pigo, kingo zinaanza kuviringika. Na hata ukithibitisha pigo, mtu anaweza kuanguka kwenye jabali.

Fuvu namba 17 la Sima de los Huesos, Hispania, lenye miaka 430,000, limevuka ngazi zote: matundu mawili juu ya jicho la kushoto, umbo lilelile, pembe tofauti, hakuna dalili ya kupona. Jabali halikuangukii mara mbili kwa umbo moja. Huyo ni miongoni mwa wahanga wa kale zaidi tunaoweza kuwanyooshea kidole.

Vita vya kundi kwa kundi ushahidi wake ni wa karibu zaidi. Jebel Sahaba, Sudan, zaidi ya miaka 13,000 iliyopita, watu 61. Uchunguzi mpya wa 2021 ulikuta 41 wana majeraha, na wengine walijeruhiwa zaidi ya mara moja maishani, yaani ilikuwa mivutano ya miaka, si siku moja. Nataruk, karibu na ziwa Turkana, kama miaka 10,000: kati ya mifupa 12 iliyohifadhika vizuri, 10 ilitolewa taarifa ya majeraha ya kuua. Wataalamu wengine walipinga baadhi, wakisema mafuvu yalibonyezwa na udongo. Lakini kipande cha jiwe kilichokutwa kimenasa kwenye fuvu hakikuletwa na udongo.

#9 Mchambuzi Sakina

Dada umenifungua macho. Lakini basi 10 kati ya 12 inakinzana na ile 2% ya #1.

#10 Binti wa Boma (Arusha)

Haikinzani, kaka. Eneo la mauaji lililohifadhika si sampuli ya maisha yote, ni sawa na kupima ajali za barabara kwa kuhesabu ndani ya basi lililopinduka.

Mtego wa pili ni vipimo. Asilimia ya vifo ni kitu kimoja, kiwango kwa watu 100,000 kwa mwaka ni kingine. Chukua kambi ya watu 50 wanaouana mara moja tu katika miaka 20. Hiyo ni 1 kwa 1,000 kwa mwaka, yaani 100 kwa 100,000. Kwenye karatasi inatisha, lakini kambini watu wanalala milango wazi. Umoja wa Mataifa ulikadiria mauaji 458,000 duniani mwaka 2021 nje ya vita, kama 5.8 kwa 100,000. Ukigawa kwa vifo vyote vya mwaka, haifiki 1%. El Salvador ilivuka 100 kwa 100,000 mwaka 2015, na miaka michache baadaye ikashuka chini ya 10. Jeni za watu wale hazikubadilika kwa muda huo.

#11 Nyayo za Mweka (Moshi)

Na hapo ndipo swali la hamaki kupungua linapoingia. Sokwe wa jamii moja wanapigana mara mia na zaidi kuliko watu wa jamii moja. Wajaze sokwe 70 wasiofahamiana kwenye basi la Arusha kwenda Dar, hawafiki Same wakiwa na masikio yote. Sisi tunafika, tumegawana karanga.

Wrangham na Christopher Boehm wanaeleza hivi: binadamu alipopata lugha na silaha za kurusha, wanyonge waliweza kunong'onezana na kumwondoa mbabe. Kwa Wahadza, James Woodburn aliandika mwaka 1982 kwamba hakuna mwenye ubabe wa kudumu, kwa sababu kila mwanamume mzima ana upinde na mishale ya sumu, na kila mtu hulala. Ukiondoa wababe kizazi baada ya kizazi, mamia ya maelfu ya miaka, hasira inapungua, kama mnyama wa porini anavyofugwa akawa mpole. Mbweha wa Dmitri Belyaev kule Siberia walichaguliwa kwa upole tu kuanzia 1959, na vizazi vichache baadaye wakawa wanatikisa mikia kama mbwa.

Lakini tazameni kilichofanya kazi hiyo: kikundi kinachopanga kumuua mmoja kwa usalama. Upole wetu umenunuliwa kwa kuua kwa hesabu. Jambo hili linaniuma, na sioni namna ya kulikwepa.

#12 Wakili Njiro (Arusha)

Wakuu, sheria zetu zinaujua mgawanyo wenu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha kuua kwa kukusudia, kwenye nia ovu, adhabu kifo, na kuua bila kukusudia. Aliyeghadhibishwa ghafla na kuua kabla damu haijapoa anashuka kwenye kundi la pili, na kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii yake. Akienda nyumbani kuchukua panga na kurudi jioni, utetezi huo unakufa. Kuna pia kifungu cha mama anayemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 kabla akili haijatulia kutokana na uzazi. Wabunge hawakusoma haipothalamasi, ila waliiona.

Nina ugomvi mmoja na Nyayo. Mji huu ulibeba Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994. Hapahapa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Ukiangalia vizuizi vya barabarani vya 1994, wengi wenye mapanga dhidi ya mmoja asiye na kitu, ni ile nane kwa mmoja yako. Sikatai. Lakini dume wa Gombe anamtambua adui kwa kumjua sura. Kizuizini walidai kitambulisho, kwa sababu kwa sura hawakuweza. Kuliandikwa kabila kwenye kadi miongo kadhaa kabla. Kulikuwa na redio iliyowaita majirani mende. Waanzilishi wake wawili na mhariri wa gazeti walihukumiwa hapahapa Desemba 2003. Kulikuwa na orodha za majina.

#13 Nyayo za Mweka (Moshi)

Wakili, nakubali, na nairekebisha #1. Sokwe huua wa jirani anayemtambua kuwa wa nje. Binadamu anaweza kuambiwa nani ni wa nje, akaamini, hata kama ni jirani yake wa miaka 20 aliyemshikia mtoto ubatizo. Uwezo wa kuungana na kumzidi mmoja ni wa zamani sana. Kuamua ni nani amesimama upande wa pili wa mstari, hilo halimo kwenye damu. Linaandikwa kwenye kadi na kusomwa redioni, na ndiyo maana lina watu wa kushtakiwa.